Asali ya Mahari Kichwani

Mlionihurumia wiki jana, rudisheni huruma hiyo mfukoni muiongeze kidogo. Mtaihitaji leo.

Kwa yule ambaye gazeti lilimpita akiwa shambani, jina langu ni Misheck, mtu wa Manyatta. Zamani niliuza miraa Kangeta hadi miraa yenyewe ikanichoka. Sasa nina saluni mtaani Dallas, hapa Embu mjini. Navaa koti jeupe, na juu ya mlango nimeandika Daktari wa Nywele. Udaktari huo sikuusomea popote, lakini niletee unywele wako mmoja tu, nitakueleza umeutesa vipi tangu Krismasi.

Nywele ndizo zilizonipa Kendi. Aliingia saluni kukwepa mvua, nikamshika kichwa nikamwambia, "Nywele yako ina kiu." Akacheka. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na mvua haikuwapo.

Kendi ni mwalimu wa chekechea na binti wa Mzee Murithi wa Kangeta, mtu mwenye mizinga mingi na maneno machache. Nilipotuma wazee kwake, alisema jambo moja. "Mbuzi watangoja, ng'ombe watangoja. Asali haingoji. Bila asali, huyu msichana bado ni wangu."

Mkumbuke jinsi nilivyozunguka Embu nzima, nikanunua asali ya chupa yenye picha ya nyuki anayetabasamu, na Mzee Gitari akaitema mbele ya mwenye duka. Hapo ndipo nilipowaacha. Siku ya kwenda Kangeta imekaribia, asali sina, na bila asali sina Kendi.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa asubuhi Mzee Gitari aliingia saluni na mtungi wa plastiki begani. Huyu ni ndugu wa marehemu baba yangu na ndiye msemaji wetu katika mambo ya posa. Alikuwa ameteremka mwenyewe hadi Mbeere, kwa rafiki wa rika lake anayefuga nyuki.

"Hii ndio asali," alisema. "Haina sukari, haina maji. Nyuki walilia ikitolewa."

"Asante, baba mdogo."

"Usiniambie asante. Niambie hutaigusa."

Juu ya kifuniko alikuwa amefunga ukambaa wa mgomba mkavu, kwa fundo lake mwenyewe. Fundo la Mzee Gitari linajulikana Manyatta yote. Alifunga nalo lango la kanisa wakati wa ule ugomvi wa mapasta wawili, na mapasta wote wawili wakahubiria nje.

"Wa kwanza kufungua ni baba ya msichana," akaendelea. "Si mimi, si wewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia na masikio ama na hiyo koti?"

Nikamwapia. Akausukuma mtungi chini ya sinki ya kuoshea nywele, akaenda kutafuta gari la kesho yake. Mimi nikajisikia mwanamume aliyekamilika. Nilijitazama kwenye kioo, nikajiita mkwe wa Kangeta, nikacheka peke yangu.

Kicheko hakijaisha, akaingia Tabby.

Tabby anauza nguo za watoto hapo Dallas na anaimba kwaya kanisani kwetu. Naomba mnielewe vizuri, Tabby sikumwahidi kitu. Lakini mtaa huu, ukionekana umekula chapati kwa mtu mara mbili, watu wanaanza kuuliza rangi ya sare za harusi. Habari za Kendi sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nangojea wakati mzuri, na wakati mzuri una tabia ya kutofika.

"Nataka treatment," alisema. "Ile ya kuingia ndani kabisa. Jumapili naimba solo."

Kabla sijamfungulia maji, wakaingia wanawake wengine wawili, wa makamo, vitambaa vichwani na mikoba mikubwa mikononi. Mmoja mnene mwenye macho yanayotazama kila kona, mwingine mfupi mkimya.

"Mimi ni Mama Runji," mnene akasema. "Tumetoka Runyenjes, tuko na sherehe kesho. Tumesikia huku kuna daktari."

Ningeweza kuwaambia warudi alasiri. Lakini mtu akishakuita daktari mbele ya wateja, huwezi tena kuwa mtu wa kawaida. Nikafunga vifungo vya koti nikaomba kila mmoja anipe unywele mmoja. Nikajaza glasi tatu za maji, nikadondosha kila unywele kwenye glasi yake.

"Hii ni uchawi?" mfupi akauliza.

"Ni sayansi, mama."

Unywele wa Tabby ulizama moja kwa moja hadi chini. Alikuwa amezipaka rangi ya shaba, na rangi hufungua magamba ya nywele. Nywele za namna hiyo hunywa kila kitu na hazishibi. Leo umezipaka mafuta, kesho zimekauka kama shamba la Kiritiri mwezi wa Septemba.

"Hii inakunywa," nilimwambia. "Nywele yako ina kiu."

Tabby akainamisha macho. Mimi nilikuwa nazungumza habari za magamba.

Unywele wa mfupi ulielea. Nywele zake zilikuwa za asili, kipilipili kilichofungana barabara, na maji yalikaa juu yake kama umande juu ya jani la nduma. Nywele kama hizo ukizirundikia mafuta unazifunga zaidi. Zinataka mvuke kwanza zifunguke, kisha kitu chepesi.

Unywele wa Mama Runji haukupata nafasi ya kuzama wala kuelea. Ulikatika nikiushika. Kichwa kile kilikuwa kimepakwa dawa ya kunyoosha tangu enzi za simu za mezani.

"Wewe unataka yai na maziwa lala, yale yaliyoganda," nilimwambia. "Nywele yako imepoteza mifupa. Huyu mwenzako nikimpaka yai, nywele yake itakuwa ngumu kama ufagio. Na huyu wa rangi nikimpa kitu chepesi, baada ya saa moja kimeisha. Kila kichwa na dawa yake. Wengine hapa mjini wanapaka watu wote kitu kimoja. Hiyo ni kama kulisha ng'ombe na kuku kwa sahani moja."

Mama Runji alimtazama mwenzake. "Anajua kuongea," akasema.

Nikavimba. Nikaenda stoo kufungua ndoo ya dawa aliyoniletea Oscar, mchuuzi wangu wa dawa za nywele, kutoka Nairobi. Kwenye ndoo waliandika inafaa kila aina ya nywele. Hapo tu nilipaswa kushtuka, maana kitu kinachomfaa kila mtu huwa hakimfai mtu. Nilipokoroga, likatoka povu, na povu likanuka limau.

Nikampigia simu.

"Daktari, hiyo ni formula mpya," Oscar akasema.

"Oscar, hii ni sabuni ya vyombo."

"Formula mpya inafanana nayo. Tumia tu, utaniambia." Akakata.

Nikarudi na mikono mitupu. Tabby nilikuwa nimeshamwosha, maji yanamchuruzika shingoni. Yai nilikuwa nalo. Parachichi nilikuwa nalo, na maziwa lala, na mafuta ya nazi. Nilichokosa ni kile kitu kinachovuta maji ndani ya unywele na kuyashika yasitoke. Bila hicho mengine yote ni kachumbari.

"Sasa daktari hana dawa?" Mama Runji akauliza polepole.

Nikatazama chini ya sinki. Jamani, nilitazama tu.

Kijiko kimoja, nilijiambia. Mtungi mzima ule, nani atajua kijiko? Fundo la Mzee Gitari lilikataa vidole, likakataa meno, mwishowe nikalikata kwa mkasi wa kupunguzia nywele. Harufu ya asali ikajaa saluni hadi mpita njia akachungulia.

Nikaiponda pamoja na parachichi, nikaanza na Tabby.

"Hiyo asali umetoa wapi?" akauliza.

Wahenga hawakukosea waliposema mdomo huponza kichwa, ila hawakutuambia ni kichwa cha nani. Nilitaka kumchekesha tu mteja. "Hii ni asali ya mahari," nikamwambia. "Mtungi ulikuwa umefungwa. Nimeufungua kwa sababu yako. Wewe ndio wa kwanza kuionja, na unaionja na kichwa."

Nilipomwangalia kwenye kioo, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sabuni imeingia machoni?"

"Hapana," akasema. "Hakuna kitu. Endelea."

Nikaendelea. Nywele zile zilikunywa kijiko cha kwanza kabla sijafika kisogoni. Nikaongeza. Zikanywa. Nikaongeza tena, kisha nikamfunika kwa mfuko wa nailoni, nikamweka chini ya mashine ya mvuke. Mashine yangu ni kuukuu na inanguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Aliye chini yake hasikii kitu.

Nikahamia kwa Mama Runji na yai lake, na kwa kuwa mkono ulishazoea, na yeye nikamtilia asali kidogo.

"Umesema asali ya mahari," akaanza. "Unaoa wapi?"

"Kesho naenda Kangeta, mama. Nimekaa huko miaka, nawajua."

"Ni watu wazuri?"

"Wazuri. Baba yake haongei, hiyo ni sawa. Shida ni shangazi. Kuna shangazi moja anaitwa Gladys, sijawahi kumwona, lakini sifa zake zimefika Embu kabla yake. Wanasema ana mdomo unaweza kukausha mto Thuci."

Mama Runji alijishika kisogo. "Ongeza hapo nyuma," akasema. "Hiyo asali. Weka mingi."

Nikaweka mingi. Na mfupi, alipotoka kwenye mvuke baada ya zamu ya Tabby, nikamchanganyia yake na maji ya vuguvugu, nyepesi, vile inavyotakiwa. Huyo hakutumia hata nusu ya wenzake, kipilipili chake hakina tamaa. Tabby ndiye aliyenirudisha kwenye mtungi mara kwa mara. Kila nikiinua ule mfuko, nywele zimekauka tayari.

Lakini matokeo, ndugu zangu. Niwe mkweli hata kama nimelaaniwa. Nywele za Mama Runji ziliacha kukatika. Za mfupi zilifunguka zikateleza kwenye chanuo, akajishika kichwa kama aliyepewa kipya. Na za Tabby zilikuwa na mng'ao ambao sijauona tangu niingie kazi hii. Niliipenda kazi yangu siku ile, nasema bila aibu.

Wakati wa kuondoka, Tabby alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili.

"Nimeelewa," akasema. "Nitamwambia mama."

"Mwambie," nikamjibu. Nilidhani ananitafutia mteja.

Mama Runji naye alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akajifunga kitambaa chake. "Mkono wako ni mzuri," akasema. Akafikiri kidogo. "Mkono." Wakaenda zao.

Ndipo nikainua mtungi. Ulikuja juu kwa urahisi mno. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Nilifundishwa hiyo shule ya msingi na nikapata alama zote.

Sitawaficha nilichofanya. Nilinunua sukari guru ya miwa, nikaichemsha na limau kwenye jiko la saluni hadi ikawa nzito na ya kahawia, ikapoa, nikaimimina humo. Kwa macho ilifanana na asali. Kisha nikajaribu kufunga lile fundo. Nilijaribu hadi ukambaa ukaanza kuchanika. Lililotoka lilifanana na la mtoto wa chekechea anayejifunza kufunga viatu, na nilijua mchumba wangu huona mafundo ya namna hiyo kila asubuhi.

Jumamosi tulifika Kangeta jua likiwa limewaka. Mama hakuja kwa sababu ya magoti yake. Alinibariki nikiwa mlangoni, akaniambia nisiongee sana.

Wanawake wa boma walitukalisha nje ya lango kwa nyimbo, wakatuuliza tumepotea ama tumetumwa, Mzee Gitari akajibu kila swali kwa methali hadi wakachoka wakatufungulia. Tukapewa chai. Wazee wa kwao walikaa upande wa pili na mashada yao ya miraa, wanatafuna bila haraka. Kendi nilimwona mlangoni mwa nyumba, amesuka nywele zikauacha uso wote wazi. Alinitolea ulimi kidogo, kama mtoto. Nilimpenda hadi nikausahau mtungi.

Mtungi uliwekwa katikati ya uwanja.

Mzee Murithi aliinuka, akauzunguka, akachuchumaa. Hakugusa. Aliita tu, "Mzee Gitari."

"Naam."

"Hii ni fundo yako?"

Mzee Gitari alisogea na fimbo yake. Alitazama fundo, akanitazama mimi, akatazama fundo tena. Mtu huyu alikuwa amenibeba mgongoni siku tuliyomzika baba. Angeweza kusema uongo kidogo akaniokoa, na niliona anaupima mdomoni.

"Hapana," akasema. "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, lakini hii si fundo yangu."

Wazee waliacha kutafuna.

Mzee Murithi akafungua kwa kidole kimoja, fundo likaanguka lenyewe. Akachovya, akalamba.

"Hii ilikuwa miwa," akasema.

Aibu ya Mzee Gitari ndiyo iliyoniumiza. Alikalia kiti chake kama mtu aliyekatwa miguu. Nilisimama bila kuitwa.

"Baba, asali ilikuwepo. Ya kweli, ya Mbeere. Mzee Gitari hana makosa. Mimi ndio nilifungua."

"Na iko wapi?"

"Nilipaka watu kichwani."

Mzee mmoja alimuuliza jirani yake kama amesikia vizuri.

"Rudia," Mzee Murithi akasema.

"Nilipaka wateja, baba. Kwa nywele. Dawa ilikuwa imeisha, na kila aina ya nywele inataka..."

"Ulichukua asali ya binti yangu ukapaka watu barabarani."

"Si barabarani. Ni Dallas."

Kijana mmoja wa kwao alianza kukunja mikono ya shati. Kendi alikuwa ametoka mlangoni, hakuwa anatabasamu tena. Nikajua hapo ndipo hadithi yangu inaishia, gazeti litafute mwingine.

Ndipo mwanamke mmoja mnene akainuka kutoka upande wa akina mama.

"Murithi, kaa chini kwanza," akasema, na Mzee Murithi akakaa. Mwanamke akafungua kitambaa chake. Zikatoka nywele laini, nyeusi, zinang'aa juani, hakuna hata moja iliyokatika. Mama Runji. Kando yake mfupi naye akafungua chake, na kipilipili chake kikasimama kwa afya.

"Nukia," mnene akamwambia Mzee Murithi, akamwinamishia kichwa.

Mzee wa mizinga akanusa. Akanusa tena, akafumba macho. "Hii ni asali ya mgunga," akasema kwa sauti ndogo. "Ya chini kule. Ni safi."

"Tulienda kumwangalia kama ni mtu wa kazi. Tulikuwa tumevaa jina lingine. Asali yako ilifika jana, Murithi. Sisi ndio tuliipokea, ikakuja hapa juu ya vichwa vyetu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakatazamana, mmoja akaanza kucheka na wengine wakamfuata. Kendi akajifunika mdomo.

"Asante sana, mama," nikasema. "Mungu akubariki, Mama Runji."

"Mimi si Mama Runji." Akanitazama kama paka aliyepata maziwa. "Mimi ni Tata Gladys. Yule shangazi wa mdomo. Waambie hapa vile mdomo wangu unafanya mto Thuci."

Niliwaambia. Ilibidi niseme yote, na kwa sauti, maana wazee wa nyuma walidai hawajasikia. Nilitozwa mbuzi mmoja kwa kila sikio la Tata Gladys, naye akachagua wa kike. Lakini hata Mzee Gitari sasa alikuwa anacheka, anapangusa macho kwa kofia yake. Mambo yalikuwa yamegeuka. Kendi alikuwa wangu, kilichobaki ni chai ya pili.

"Kuna kitu kimoja," Mzee Murithi akasema.

Mzee wa maneno machache akitafuta neno la ziada, usitegemee heri.

"Asali ya mahari ikishapokelewa hairudi kwa mtungi. Nyumba iliyoipokea imesema ndiyo. Hiyo ni sawa. Lakini wewe, Gladys, mtungi ilikuwa mzima. Nyinyi wawili mlimaliza mtungi mzima?"

Tata Gladys akakohoa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, nadhani, alitafuta la kusema.

"Tulikuwa watatu," akasema.

"Wa tatu ni wa nyumba yetu?"

"Hapana. Ni msichana wa huko tu. Alitutangulia."

"Na yeye alipata kiasi gani?"

Tata Gladys akanitazama. Nami nikajibu kama daktari, maana ujinga wa kazi haukuachi hata ukiwa mbele ya hakimu. "Yeye ndio alipata mingi, baba. Nywele zake ni za rangi. Zinakunywa."

Mzee mmoja pembeni akatoa jani la miraa mdomoni. "Basi mwenye asali mingi ndiye mwenye bwana," akasema, na hakuna aliyecheka.

Wakati huo simu ya Mzee Gitari ikalia. Mzee Gitari haweki simu sikioni. Huishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo na kufungua sauti yote, ili majirani wasaidie kusikia.

"Gitari," ilikuwa sauti ya mama yangu kutoka Manyatta, na nyuma yake wanawake wanaimba. "Misheck yuko hapo? Huku nimevamiwa. Kuna huyu msichana wa Dallas, Tabby, na mama yake, na wazee wa kwao. Wamekuja na uji na mikungu ya ndizi. Wanasema wamekuja kujibu asali."

"Asali gani?" Mzee Gitari akauliza, ingawa alijua, na boma zima lilijua.

"Wanasema Misheck alikata fundo la mtungi wa mahari mbele ya mashahidi wawili, wamama wazima, akampaka msichana kichwani. Akamwambia ni yeye wa kwanza. Nywele imeng'aa kweli, nimeiona. Na mimi sijui kitu, nimewaambia tu mmeenda Kangeta kununua ng'ombe."

Tata Gladys akajifunga kitambaa chake polepole, kwa kuwa shahidi mmoja alikuwa yeye.

"Msichana analia kwa furaha," mama akaendelea. "Anasema alijua tangu Misheck alipomwambia nywele yake ina kiu."

Sikuhitaji kugeuka ili nijue Kendi amesogea. Alipita kati ya wazee, akasimama mbele yangu. Zile nywele nzuri alizosuka kwa ajili ya siku hii zilikuwa karibu na kidevu changu, na harufu yake niliijua.

"Na mimi uliniambia hivyo," akasema.

"Kendi, ni lugha ya kazi. Kuna aina tofauti za..."

"Na yangu haikuwa na kiu, Misheck. Mwezi uliopita ulipima kwa glasi. Ikaelea."

Nilikuwa nimemwambia nywele zake zina kiu kwa sababu nilitaka arudi, na alirudi. Tabby nilimwambia kwa sababu ilikuwa kweli. Mbele ya wazee wa Kangeta, jambo hilo lilisikika kinyume kabisa na nilivyomaanisha.

"Misheck," sauti ya mama ikatoka kwenye simu, imechoka. "Wageni wamekaa. Uji yao imemiminwa. Niambie kitu moja tu, niwapikie ama niwafukuze?"

Kijana aliyekunja mikono ya shati akaenda kufunga lango. Mzee Murithi aliushika mtungi wangu wa miwa, akausimamisha vizuri katikati ya uwanja, akaketi.

Kendi akachukua simu kutoka mkononi mwa Mzee Gitari, akainyoosha hadi mdomoni mwangu.

"Mjibu mama," akasema.